Kungwi wa Wazungu

Shomari alipitiliza kituo chake cha Ilala makusudi, maana katika basi lile la kutoka Ukonga, maneno ya kiti cha mbele yake yalikuwa bado hayajafika mwisho.

Mwalimu Gregori alikuwa akimwonyesha Bi Mwajabu, aliyeketi naye, barua anayokwenda kuitia posta. Humo amekubali kwenda Ulaya mwaka mzima, kwa kujitolea, kuwafundisha Kiswahili vijana wa Kizungu watakaoletwa huku kuwa mabwana shauri, watawala wa wilaya.

"Mie ni kungwi, mwanangu," alisema Bi Mwajabu. "Mwali nikishamfunda, akikosa adabu kwa mumewe hatukanwi yeye. Watu huuliza, kafundwa na nani?"

"Mie nafundisha lugha tu, mama. Adabu simo."

"Ndiyo hapo! Bwana shauri akija kutufokea kwa Kiswahili safi, bila hata shikamoo, tumuulize nani?"

Gregori akaitazama barua yake. Shomari alimwonea huruma, ingawa mbavu zilimuuma kwa kicheko alichokizuia.

"Posta!" kondakta akaita, na basi likasimama. Bi Mwajabu akasogeza magoti ampishe mwalimu. Gregori hakuinuka.

"Mama," akauliza kwa unyenyekevu, "kwani wewe mwakani una shughuli nyingi?"