Kijani cha Kwenye Ramani

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu alikaa mpima ardhi na ramani yake, na kando yake mama mmoja, mtunza bustani ya mtaa, ndoo ya maji magotini.

“Bustani ipo, mama, haijafutwa, imehamishiwa hapa tu,” jamaa alisema, akimwonyesha palipopakwa kijani. Palipendeza, sikatai. Rangi haihitaji kumwagiliwa.

Mama akapatazama. “Hapo ni mwamba mtupu, mwanangu. Nimepafagia miaka ishirini, hata nyasi hazioti. Mlikuja kupaona?”

“Tulitumia ramani ya zamani.”

“Na miti yangu mliyoitia alama nyekundu?”

“Inakatwa Jumatatu. Pole, mama.”

Basi likasimama penye bustani. Mama akanyanyua ndoo yake.

“Leo Ijumaa,” alisema. “Miti haiwezi kukaa na kiu mpaka Jumatatu.”