Venuste Barampama, Mhunzi wa Rubondo (1978–2024)

Marehemu Venuste Barampama alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 huko Bugabira, mkoa wa Kirundo, Burundi. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Astère na mama Diane, watu wa shamba na wa kanisa, ambao hawakuwahi kuitwa barazani kwa ugomvi wowote.

Alimaliza shule ya msingi Bugabira na kuanza sekondari mwaka 1993. Mwaka huohuo vita vilifunga shule, na hakurudi tena darasani. Hata hivyo, mpaka mwisho wake alisoma kila karatasi iliyopita mbele yake.

Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa takatifu na Cansilde, mwalimu. Walijaliwa mabinti wawili, Élyse na Doriane. Mwaka 2015 familia ilikimbilia Uganda na kupokelewa Nakivale, eneo la Rubondo.

Hapo ndipo alipojifunza uhunzi, bila mwalimu na bila karakana. Dramu ya breki ya lori ilikuwa jiko lake. Kipande cha ekseli iliyovunjika, kilichosimamishwa ndani ya gogo, kilikuwa fuawe yake ya kupondea chuma. Upepo ulitoka kwenye feni ya bati iliyozungushwa na gurudumu la baiskeli, ukapita katika bomba la maji la chuma, lile jeupe linalong'aa, hadi kwenye makaa. Vyuma hivyo vyote alivipata kwa Zubairi, mwuza chuma chakavu wa Mbarara.

Jembe lake la kwanza lilijikunja lilipogusa udongo. Mama Mukamurenzi, jirani aliyewaletea maziwa kutoka Masha, aliliinua juu watu wote walione.

“Papa Élyse, hii ni jembe ao ni kijiko ya uji?”

“Ni kijiko, Mama. Lete huo uji basi.”

Walicheka mpaka wakakaa chini. La pili, lililotoka kwenye springi ya gari, bado linalima. Watu walianza kuja hata kutoka maeneo ya Juru na Base Camp, naye akawafundisha vijana na wazee kuunda jiko kama lake, kitu kwa kitu. Leo majiko ya namna hiyo, pamoja na lake, yako saba hapa Nakivale.

Ncha ya bomba lile iliungua pole pole, na kila ilipoisha alitia bomba jipya. Siku ya bomba jipya moto ulikuwa na kijani pembeni, na vitu vyeupe kama pamba vilielea na kutua kwenye nyusi zake. Jioni alisema mdomo una ladha ya sukari. Kisha baridi ilimshika akatetemeka chini ya mablanketi. Zahanati ilipima malaria, haikuiona. Mafundi wa gereji walikuwa wamemwambia kwamba maziwa yanafunga moshi, basi alikunywa maziwa, akaamka mzima, akarudi kazini. Mkewe alipomsihi apumzike, alimjibu: “Mwalimu, si unaona nimepona?” Na kweli alikuwa amepona. Kila mara alipona.

Septemba mwaka huu mvua ziliwahi, na wakulima wakataka majembe mingi, kama walivyosema. Tarehe 17 alitia bomba jipya, akashusha turubai pande zote nne za banda lake ili mvua isizime moto. Alitoka humo akiwa mweupe kichwani kama mtu aliyepepeta unga. Alikunywa maziwa. Kesho yake hakuweza kumaliza sentensi moja bila kutafuta pumzi. Alipelekwa hospitali Mbarara, na huko daktari aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: “Huyu mzee alikuwa anachoma nini?” Alieleza kwamba weupe wa bomba ni zinki, na zinki ikiungua huingia mapafuni, na maziwa hayaizuii. Venuste alifariki Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2024, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tangu siku hiyo yamesemwa mengi: kwamba alirogwa, kwamba maziwa ya Mama Mukamurenzi yalikuwa na kitu. Familia inakanusha mbele ya kaburi hili. Maziwa yalikuwa safi, na mama huyu amekaa leo pamoja na wafiwa kwa sababu ni mmoja wao. Venuste alikuwa fundi makini. Kilichomuua hakukijua, na alikifundisha kwa moyo mweupe. Asubuhi hii, jeneza likiwa bado nyumbani, moshi mweupe ulionekana juu ya banda moja upande wa Juru. Mwenye banda hilo yuko hapa, na anakohoa. Ndugu, ng'oa lile bomba leo, kabla hujala. Tia la chuma cheusi, kisichopakwa zinki.

Marehemu ameacha mjane, Cansilde. Mabinti, Élyse na Doriane. Mama mzazi, Diane. Na wanafunzi sita ambao familia inataka kuwaona wakizeeka.

Mungu ampe Venuste pumziko, na pumzi isiyokatika.