Mashine ya Gololi ya Fundi Simu

Kwa miaka tisa watu wa benchi la kinyozi walitua vikombe vyao vya kahawa juu ya kioo cha mashine ya gololi, ile ya kurusha gololi ya chuma kwa springi na kuipiga kwa vibao viwili isidondoke, na wote waliiita meza. Ilifika pale klabu ya jirani ilipofungwa, ikiwa bubu na mguu mmoja umevunjika. Juzi Kinyozi akaamua kuitoa kwa mnunua vyuma chakavu. Fundi Simu alifungua tumbo la mashine aichungulie tu kabla haijaenda, akakuta rilei, zile swichi ndogo za umeme, zimepangwa safu kwa safu, ndugu moja na zile alizozisafisha miaka ishirini na sita kwenye mitambo ya simu za mezani, kabla simu hazijahamia mifukoni na yeye kurudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Tangu alipoifungua mikono ilikuwa ikimwasha. Sasa ni saa nne, mkokoteni unakuja saa sita, na benchi halijaelewana.

— Naweza kuifufua, alisema Fundi. Nipeni mwezi.

— Na vikombe tuweke wapi? aliuliza Kinyozi. Kichwani kwako?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaingia Profesa, ambaye alikuwa karani wa shule na hajafundisha hata siku moja. Hii imevunjika guu. Maana yake ilishaonywa.

— Ilionywa na nani, Profesa? aliuliza Kinyozi.

— Na mkuu.

Shangazi, mwenye birika, alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Kinyozi alisema ikiwashwa itanyonya umeme wa mtaa mzima, mteja wake abaki amenyolewa nusu kichwa. Profesa akaona hilo dogo. Alidai mashine hizi zilitengenezwa kuwapima marubani, na aliyeshindwa kuzuia gololi hakupewa ndege. Basi tukiifufua, Kinyozi akaongeza, wenye ndege watakuja kuidai, watubebe na sisi humo humo. Fundi aliwasikiliza huku akifuta rilei moja kwa kitambaa cha miwani. Roho ilimuuma, maana hakuwa akitetea mchezo, alikuwa akijitetea mwenyewe.

— Jamani, alisema mwishowe. Tangu mitambo ile ing'olewe, hakuna kitu katika mji huu kinachohitaji ninachokijua. Ni hiki tu.

Profesa aliondoa kikombe chake juu ya kioo.

Mnunua vyuma alifika kabla ya saa yake. Akaegesha mkokoteni, akaamkia, akaizunguka mashine mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akavuta springi na kuiachia. Gololi ikapanda chini ya kioo, ikazunguka juu, ikateremka ikigonga nguzo huku na huku, na vichwa vyote vikaifuata mpaka ilipozama.

— Ikipona, aliuliza, nani ataanza kucheza?

Kinyozi alimtazama Profesa, Profesa akamtazama Shangazi, na Shangazi alishaweka birika chini, anakunja mikono ya gauni. Hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa pili.

Mnunua vyuma aliona haitolewi tena, akageuza mkokoteni wake mtupu. Fundi Simu naye hakungoja waelewane. Alishapiga magoti, bisibisi mkononi, akianza na rilei ya kwanza.