Uji Uliungua Nyumbani kwa Nani?

Karibuni tukae pamoja, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mtafiti wa usalama wa kompyuta. Wanafunzi wake walimwita Bi Kufuli. Kazi yake ilikuwa kutafuta mianya kwenye mitambo kabla wezi hawajaiona. Narudia: kabla wezi hawajaiona. Kumbe mwizi mwingine alikuwa anakunywa naye chai ofisini.

Nitasema wazi. Nilitoka kumuaga nikiwa na kinyaa, na mpaka sasa hakijanishuka.

Bi Kufuli alifanya kazi kwenye chumba chembamba, dirisha lake linatazama ukuta. Mezani aliweka mashine kuukuu ya hospitali, ile inayopeleka dawa kwenye mshipa wa mgonjwa. Akagundua kwamba mtu aliye nje barabarani, na kompyuta yake tu, anaweza kuongeza dawa mpaka mgonjwa afe. Hakukimbilia kuchapisha. Ndio utaratibu wao watu wa kazi hii: unamwambia kwanza mtengenezaji, unasubiri arekebishe, ndipo unaandika hadharani.

"Nikikimbilia sifa, kuna mtu atakufa wodini," alimwambia mdogo wake, ambaye ni mshonaji. Basi akasubiri, karibu mwaka mzima.

Akiwa anasubiri, mkuu wa idara akaomba rasimu ya makala, eti aipitie. Mtengenezaji alipomaliza tu kurekebisha, makala ikatoka kwenye jarida kubwa. Jina la mkuu lilikuwa juu. Jina la Bi Kufuli halikuwepo. Halikuwepo kabisa, wasikilizaji wapendwa. Makala hiyo inanukuliwa kila kona, vyuo vinaifundisha, hospitali zimebadili mashine. Sifa zote zikaenda kwa bwana mkubwa.

Bi Kufuli alilalamika. Akaambiwa hana ushahidi, asiichafue idara. Akameza. Mpaka maradhi yanamchukua, alitaka kitu kimoja: jina lake lirudi kwenye makala yake.

Juzi, kwenye ukumbi wa chuo, huyo bwana akasimama kumsifu marehemu. Suti imenyooka, leso nyeupe, machozi ya mamba. Akasema, "Alinisaidia-saidia katika utafiti wangu."

Alinisaidia-saidia.

Kisha akawasha skrini, tuone ukurasa wa makala "yake". Pale chini palikuwa na mfano wa nenosiri, neno la kufungulia mashine. Watafiti hujitungia tu lolote ili msomaji aelewe. Nenosiri lenyewe lilikuwa hili: ujiumeunguatena.

Mdogo wa marehemu, aliyekaa mbele na mama yao, akacheka. Kicheko kikageuka kilio.

"Wameandika nini pale, mwanangu?" mama akauliza.

Akasomewa: uji umeungua tena. Mama akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hayo maneno ni yangu. Kila nikimwachia jiko, yeye anafungua redio aone ndani kuna nini. Narudi, nakuta moshi. Nimemwambia hivyo mpaka anaondoka nyumbani."

Ukumbi mzima ulisikia. Bwana mkubwa alibadili kichwa cha makala. Alibadili jina la mwandishi. Hata shukrani kwa mkewe aliziweka humo. Mfano hakuugusa, kwa sababu kuisoma mpaka chini hakuisoma. Na waliomnukuu wameunakili vilevile, watu wasiojua hata maana yake. Karipio la mama huyu limezunguka dunia, na mwanawe hakutajwa.

Alizima skrini, akasema muda umetubana.

Mama mzazi, na wewe mdogo wa marehemu, poleni sana. Mmempoteza mtu aliyekubali kuchelewa ili wagonjwa asiowajua wapone. Sisi wengine tujiulize leo: jasho la nani tumelipachika majina yetu?

Na wewe, bwana mkubwa, najua gari lako lina redio. Chuo kinasema kitachunguza. Mimi nina swali dogo tu. Nyumbani kwenu, uji uliungua lini, na nani alikuwa anauangalia?