Mwalimu Gaboipolwe na Somo la Jumatano

Kgosi uliye chifu wetu, wachungaji, walimu, ndugu na majirani mlioamka mapema kuja kumsindikiza, mimi ni Kelapile Nthobatsang, shemeji wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Mwalimu Gaboipolwe Nthobatsang alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Tlapeng, mtoto wa tatu wa mzee Keaikitse na mkewe, akaanza shule ya msingi mwaka 1959 akiwa mkubwa kuliko wenzake kwa sababu alikuwa akimlea mdogo wake, akamaliza sekondari mwaka 1970, akasomea ualimu wa kemia, na Januari 1975 akaanza kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Tlapeng, ambako alikaa miaka thelathini na sita bila kuomba uhamisho.

Tarehe 4 Septemba 1976 alifunga ndoa na kaka yangu Ramotshwara, fundi wa reli, aliyetutoka mwaka 2003, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lebopo na Onkabetse, ambao wapo hapa pamoja na wajukuu watano.

Sasa naomba mnivumilie, kwa maana jambo hili haliwezi kusomwa kwa haraka.

Mwaka 1986 kijana wa kijiji hiki, Oarabile, alipata alama ya juu kabisa katika kemia, akaenda Gaborone kuendelea na masomo, akapanga chumba, na Julai iliyofuata, baridi ilipozidi, aliingiza jiko la makaa ndani, akafunga dirisha na mlango akalala, na asubuhi wenzake wakamkuta amekufa kwa hewa yenye sumu. Mwalimu alirudi kutoka mazikoni, akalifungua daftari la zamani la Oarabile, akaona ameiandika gesi ile kwa herufi zake mbili bila kosa, na pembeni mwalimu mwenyewe ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Kaka yangu alituambia kwamba kwa wiki nzima mkewe hakula vizuri.

Mwaka 1988 alianzisha somo la Jumatano mchana, ambamo wavulana na wasichana pamoja walifundishwa kupika, kufua, kubadilisha mpira wa bomba, kusoma karatasi ya mkataba kabla ya kuitia sahihi, kumhudumia aliyeungua, na kuwasha moto mahali pa kuwashia moto. Wazazi tulikasirika, na mwaka uliofuata, matokeo ya hesabu yaliposhuka, tulimwita kwenye kgotla, baraza letu, na msemaji mkuu wa upande wa kumpinga nilikuwa mimi.

Nilisema, na wengi mnakumbuka, "Mma Mwalimu, mtoto wangu wa kwanza nimemleta kwako awe daktari, wewe unanirudishia fundi bomba! Kufua hata mimi naweza kumfundisha nyumbani, tena bure."

Watu walicheka, na yeye akangoja wamalize, akasema, "Hesabu zimeshuka, ni kweli, na kosa ni langu, nimechukua muda nisioupangia vizuri. Nitaufidia Jumamosi asubuhi. Lakini Jumatano siiachi. Na wewe shemeji, huko nyumbani umeshamfundisha kufua?"

Nilipaza sauti tu, wenzangu wakaniunga mkono, na Kgosi wa wakati ule alikuwa karibu kutoa uamuzi wa kulifuta somo lile, ndipo Mma Oarabile akasimama, mama ambaye tangu msiba wa mwanawe alikuwa hazungumzi barazani.

"Cheti cha mwanangu nimekitundika ukutani," alisema. "Kila anayeingia anakisifu. Anisaidie mmoja wenu, nikiulize nini?"

Akaketi, na Kgosi akaamua somo la Jumatano libaki.

Hata hivyo mimi sikubadilika siku ile, nilibaki na hasira zangu hadi Novemba 1992, mtoto wangu mdogo, Thuso, alipokunywa mafuta ya taa, nami nikawa nimeshamshika nimtie kidole kooni atapike, ndipo binti yangu Masego, mwenye miaka kumi na minne, mwanafunzi wa somo la Jumatano, akanidaka mkono akisema, "Baba, usimtapishe! Yakirudi juu yataingia kwenye mapafu!" Akaichukua chupa ili muuguzi aione, akatangulia mbio kuelekea zahanati, nami nikamfuata na mtoto mikononi. Thuso ni mmoja wa waliobeba jeneza asubuhi ya leo.

Nilikwenda kumwomba Mwalimu msamaha, nimeandaa maneno mazuri, naye akaniambia, "Karibu shemeji, lakini kwanza shika hiyo bisibisi, mlango wangu umelegea." Ikabainika sijui hata skrubu inazungushwa upande gani, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akanionyesha.

Matokeo ya hesabu yalirudi juu mwaka 1991, ingawa mwenyewe hakukubali kamwe kusema ni kwa sababu ya Jumatano, alisema ni kwa sababu ya Jumamosi. Alistaafu mwaka 2011.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafirishwa mara tatu kwa wiki kwenda Francistown kusafishwa damu, na kule aliwaomba wauguzi wamweleze kila mrija wa mashine ile, kisha akawa anawaeleza wagonjwa wapya waache kuogopa. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, akiwa na miaka sabini na mitatu, binti yake Onkabetse akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao mbele ya mgonjwa mwenye maswali mengi, madereva waliomsafirisha alfajiri kwa miaka mitatu, walimu wenzake, na majirani ambao tangu Jumanne hawajaacha tukose chakula wala maji.

Kabla sijaketi, naomba wote waliofundishwa na Mwalimu Gaboipolwe wasimame.

Asanteni. Naona ni rahisi zaidi kuwahesabu walioketi.

Mwalimu, wanafunzi wako wamesimama. Pumzika sasa, kwa amani uliyoifanyia kazi.