Mama Mukwe Amebaki Mpala

Asubuhi ile benchi ya Mama Kapinga, karibu na gare, stesheni ya treni ya Kalemie, ilijaa kabla kahawa haijachemka. Watu walikuwa wamesikia. Papa Ramazani, fundi cherehani anayependa kufundisha wenzake namna ya kuongoza familia, alikuwa amepeleka watu wake Mpala, kwenye kile kijiji cha maonyesho ambamo vijana wanavaa nguo za magome na kuishi mbele ya wageni kama watu wa zamani. Alienda na bibi yake Djamila, watoto, na mama mukwe wake, Mama Zabibu. Akarudi bila mama mukwe. Sasa Djamila amemwambia asikanyage chumbani mpaka mama yake apatikane, na Ramazani ana mgongo wa mtu aliyelala juu ya meza ya kukatia nguo.

Haya, mtu anasahauje mukwe? Hakumusahau, maskini. Alieleza tena, kikombe mkononi: Mama Zabibu alimuona binti mmoja wa maonyesho anafinyanga chungu vibaya, akashindwa kuvumilia, akapiga magoti, akamunyang'anya udongo. Wageni wakamuzunguka na telefone zao, wakizani naye ni muntu wa zamani. Mara boti ya kurudi ikapiga honi.

— Si ungemuita? akauliza Avoka. Huyu Avoka, yaani wakili, ni mushona viatu. Tribinali aliingia siku ya talaka yake tu, lakini jina likamushika.

— Mukwe wangu, nimuite kwa sauti mbele ya watu?

Hapo benchi nzima ikamupa haki. Muntu aliyelelewa haiti mukwe hivyo, wala hamushiki mkono. Ramazani alituma mutoto, mutoto akapewa udongo, akarudi na kichungu chake mwenyewe bila jibu lolote, na boti haikungoja. Djamila alikuwa amelala ndani ya boti, ziwa limemutibua roho. Alipoamka, Mpala ilikuwa mbali.

Avoka akatoa hukumu: muntu akishaonyeshwa kwa wageni ni mali ya taifa, hatoki bila ruhusa ya Kinshasa. Blanchard wa motari, yule mwenye pikipiki ya abiria, akasema hapana, mama amependwa na mzee mmoja wa maonyesho, mufua vyuma, kwa hiyo Ramazani ajiandae kupokea baba mukwe wa zama za mababu, atakayedai mahari upya, tena kwa majembe. Mama Kapinga, akimimina, akawashinda wote.

— Akizidi kukaa huko zamani atakuwa mwali tena, na Djamila hatazaliwa. Wewe Ramazani utakuwa umeoa nani?

Ramazani akacheka pamoja nao, ila moyoni aliogopa kweli. Alimupenda Djamila, na nyumba bila sauti yake ilimutisha.

Mwisho wa benchi alikaa mugeni, Isidore wa Manono, anangoja motari yake itengenezwe. Alikuwa amesikiliza yote.

— Pole, papa. Pale nyumbani kwako, huyu mama alikuwa anafanya nini?

Ramazani akaanza kukumbuka. Fagio walimunyang'anya. Jikoni walimukataza. Siku alipoomba aletewe udongo wa mtoni, Ramazani mwenyewe alikataa: majirani watasema anatumikisha mukwe wake. Kwa hiyo njo wakamununulia kiti kizuri, chenye mito, na mama akakaa. Kule Mpala, katikati ya wageni, alikuwa anacheka na mikono imejaa matope, na Ramazani hakumbuki kama aliwahi kumusikia akicheka. Aibu ikamupanda mpaka masikioni.

Akaweka kikombe chake chini.

— Boti ya Mpala inatoka lini? Ramazani akauliza.

— Kesho asubuhi, akasema Blanchard. Unaenda kumurudisha?

— Ninaenda na Djamila, amuone mama yake kwa macho yake. Nitakupa kazi moja, Blanchard. Utubebee godoro ya Mama Zabibu mpaka kwenye boti, akalalie huko Mpala.