Zawadi ya Baba Mkwe

Mbele ya karakana ya kuchomelea kuna benchi la chuma ambalo mwenye karakana, Cheche, alilitengeneza kwa mikono yake, na kwa kuwa fundi hajifanyii kazi nzuri, mguu mmoja ni mfupi. Akiinuka mmoja, wengine wanamwagikiwa kahawa. Kwa hiyo aliyekaa hapo haondoki hovyo, na ndiyo maana benchi hilo limeshatatua matatizo ya dunia nzima, isipokuwa ya wanaolikalia. Jioni hiyo, Krismasi ikiwa imeshapiga hodi, tatizo lilikuwa la Cheche.

Alikuwa anatafuta zawadi ya baba mkwe. Mzee huyo, dereva mstaafu wa malori, alimjua Cheche siku alipokwenda kuchomelea geti la nyumbani kwake. Geti likapona, binti akaondoka. Tangu harusi mpaka leo mzee anamwita “fundi”, kama mtu aliyesahau kufungasha vifaa vyake aende zake. Cheche alitaka neno moja tu, “mwanangu”, na kila Krismasi alilitega kwa zawadi. Shati likabaki kabatini na pini zake. Tochi, akaambiwa, “Inawaka, fundi.” Mwaka jana akapeleka fimbo ya kutembelea, mzee akauliza ni nani amemwona akichechemea.

— Ulikosea kwenye shati, alisema Makasi, kinyozi wa kibanda cha pili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwanaume hapewi nguo. Mpe jembe.

— Jembe la nini?

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Mgeni pale ni mimi, Makasi.

— Basi jembe chukua wewe, yeye mpe mpini.

Mawimbi, fundi redio, alicheka mpaka benchi likayumba. Alijigamba kwamba wanaume anawajua kuliko mama zao, maana humletea redio na siri zao kwa pamoja. Kwa maelezo yake, mwanaume ukimpa kitu kizima anashukuru na kukisahau. Mpe kibovu: atakifungua, atakitukana, atakataa msaada, na furaha yake itafika Pasaka. Dukani kwake zilikuwepo redio zilizokufa kifo cha haki, Cheche achague tu.

Birika, muuza kahawa, huongea akimimina tu. Akamimina.

— Mzee alikuwa dereva. Safari nzima alikuwa na utingo wa kubishana naye. Sasa yuko na mkewe, na mama wa watu ana akili, habishani. Mpelekee mtu wa kubishana naye.

— Nitampata wapi?

— Si huyu Mawimbi? Mfunge utepe, mfikishe asubuhi.

Mawimbi alikataa katakata, kisha akauliza kama kutakuwa na chakula. Mabishano yakahamia kwenye rangi ya utepe, na Cheche akashtuka kujikuta anaona nyekundu itafaa.

Mara akatokea mzee mwenyewe, viatu vinang'aa, mkononi mfuko mtupu. Cheche akasimama, na kahawa ya Makasi ikaishia kwenye suruali ya Makasi.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, fundi. Kaa.

Mzee akabanana nao, akapokea kikombe, asinywe. Akaeleza polepole kwamba miaka yote zawadi za watu wote zilinunuliwa na mkewe, lakini safari hii mama kagoma, kasema mkwe ni wa wote wawili, zamu ni yake. Basi kashinda madukani. Mtu aliyevusha lori milima na ukungu bila kuuliza njia, amepotea kati ya soksi na mikanda. Msichana wa dukani kamuuliza anayenunuliwa anapenda nini, naye katoka bila kuaga.

— Nimeona nije nikuulize mwenyewe, alisema, akikitazama kikombe. Mwanangu, wewe unapenda nini?

Makasi akamtazama Mawimbi. Mawimbi akatazama barabara. Birika alikuwa ameshika birika wala hakumimina. Watu ambao sasa hivi tu walijua haja ya kila mwanaume chini ya jua, walishindwa kumtajia mzee hata kitambaa cha kufutia jasho.

Katika swali zima Cheche alikuwa amedaka neno moja.

— Samahani, baba, alisema. Hebu rudia. Anzia mwanzo kabisa.